Nani Kalipa, Nani Atatazama: Video za Muziki kwa Jicho la Kangundo

Mwimbaji hajafungua kinywa, na nambari tayari imetokea chini ya skrini. Ni nambari ya Skiza, ile unayoituma kwa 811 ili anayekupigia simu asikie wimbo huo badala ya mlio wa kawaida. Inafuatwa na nambari ya simu ya meneja, kwa anayetaka kumwalika msanii kwenye harusi au klabu. Kisha linakuja jina la aliyepiga picha, limeandikwa kwa herufi zinazoshindana na jina la bendi. Gitaa linaingia, madansa watatu wenye sare wanajipanga mbele ya shamba la mibuni, na video ya benga ya Kikamba, muziki wa magitaa, imeanza.

Aliyezoea video za Lagos au Dar es Salaam huziona nambari hizo kama uchafu uliomwagwa juu ya picha. Mimi naziona kama ufunguo. Mtindo wa video ya muziki, popote inapotengenezwa, huamuliwa zaidi na mambo mawili: nani kalipa, na nani ataitazama akiwa wapi. Kipaji cha mwongozaji huja baadaye, kikajipatia nafasi ndani ya mipaka hiyo. Video nyingi huyaficha mambo hayo mawili. Video ya benga huyaandika waziwazi kwenye skrini, ndiyo maana inafaa kuwa darasa letu.

Kangundo yenyewe iko mashariki mwa Nairobi, mwendo wa zaidi ya kilomita 50 kwa barabara inayobeba jina lake, ukishapita Ruai, Kamulu, Joska, Malaa na Tala. Wakenya wengi wanaijua kwa kahawa, na kwa Paul Ngei, mpigania uhuru aliyekuwa mbunge wake. Nyuma yake kuna Nairobi yenye televisheni na wadhamini. Mbele yake kuna Ukambani wenye benga yake, redio zake kama Musyi FM na Mbaitu FM, na wasikilizaji walio tayari kulipia muziki wa lugha yao. Anayepiga picha za video hapa hutazama pande zote mbili, na macho hayo mawili huonekana katika kazi yake.

Mafungu matatu na uongo mmoja

Video za muziki ni nyingi kama nyimbo zenyewe, lakini zikichambuliwa huingia katika mafungu matatu. La kwanza ni la utendaji: tunamwona msanii akiimba, bendi ikipiga, madansa wakicheza. La pili ni la kisa: wimbo unageuzwa mchezo mfupi wenye mwanzo, mgogoro na mwisho. La tatu ni la dhana: picha hazisimulii wala hazionyeshi jukwaa, bali zinajenga hali au wazo. Video chache sana hukaa katika fungu moja. “Sura Yako” ya Sauti Sol, ya mwaka 2014, ni ya utendaji zaidi, na densi ya lipala ndiyo iliyoibeba hadi kwenye kumbi za harusi. “Thriller” ya Michael Jackson, iliyotoka mwaka 1983 chini ya mwongozaji John Landis, ni kisa cha takriban dakika 14 ambacho katikati yake kimepandikizwa utendaji.

Yote matatu yameunganishwa na uongo mmoja ambao mtazamaji ameukubali: plebeki. Mwimbaji unayemwona haimbi. Sauti ilirekodiwa studio siku nyingi kabla. Siku ya kupiga picha spika huwekwa chini ya mti, wimbo ukapigwa, naye akaufuatisha kwa midomo. Kisha akabadilisha shati na kuhamia kwenye mwamba, wimbo ukapigwa tena tangu mwanzo. Huenda akaurudia mara nane kabla jua halijatua. Mhariri huzipanga picha zote juu ya sauti ileile moja, akichagua kipande kutoka kila mahali. Ndiyo sababu mtu anaweza kuanza sentensi akiwa shambani kwa fulana nyekundu na kuimalizia klabuni akiwa na suti, na hakuna anayeuliza amefikaje. Katika filamu hilo lingekuwa kosa. Katika video ya muziki ndiyo sarufi yenyewe.

Kutokana na plebeki huzaliwa kanuni nyingine. Kwa kuwa sauti haikatiki, picha ina uhuru wa kukatika, nayo hukatika kwa mpigo wa ngoma. Kiitikio kinaporudi, picha nayo hurudi mahali pake, ili jicho litambue kile ambacho sikio limeshatambua. Msanii hutazama moja kwa moja kwenye kamera, jambo ambalo mwigizaji wa filamu hukatazwa, kwa sababu yeye anamwimbia mtu fulani na mtu huyo ni wewe.

Kanuni hizi zilikuja na televisheni. Queen walipotengeneza video ya “Bohemian Rhapsody” mwaka 1975, faida yake kubwa ilikuwa kwamba wimbo mgumu kuigizwa studio ungeweza kuonyeshwa bendi ikiwa mbali. MTV ilipoanza Marekani tarehe 1 Agosti 1981, video ikawa tangazo la kuuzia sahani: kampuni ya rekodi ililipa, kituo kikaonyesha, mtazamaji akaenda dukani. Huku kwetu, KTN ilipofungua milango yake mwaka 1990, video za ng’ambo zilianza kuonekana kwa wingi sebuleni mwa watu wa mjini, na kizazi kizima cha wapiga picha kikajifunza kwa macho jinsi “video halisi” inavyopaswa kuwa. Walichojifunza kilikuwa mtindo uliolipiwa na watu wengine, kwa watazamaji wengine.

Benga ina miguu miwili

Sasa uweke mtindo huo juu ya benga, uone unavyobana.

Wimbo wa pop wa televisheni ni wa dakika tatu au nne. Benga ya Kikamba mara nyingi huzidi saba. Chanzo chake kiko katika muundo: wimbo una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya maneno, ambapo mwimbaji anatoa kisa chake, aghalabu cha mapenzi, mali au usaliti, na gitaa likimjibu. Ya pili ni pale maneno yanapopungua, mwendo unachangamka, na magitaa yanashika usukani. Enzi za sahani za santuri zenye kasi ya mizunguko 45 kwa dakika, wimbo uligawanywa: sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande ule. Hivyo ndivyo nyimbo za akina Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers zilivyouzwa katika miaka ya 1970 na 1980. Kakai alifariki mwaka 1987, kabla ya zama za video. Leo nyimbo zake kwenye YouTube mara nyingi huambatana na picha mgando ya jalada au sahani, na kwa dakika zote hizo hakuna kinachosogea isipokuwa sauti.

Warithi wake hawana ruhusa ya kutosogea. Kwa hiyo swali kubwa la video ya benga, ambalo mwongozaji wa Lagos hana haja ya kujiuliza, ni hili: nijaze nini katika ile nusu isiyo na maneno? Plebeki haisaidii, kwa sababu hakuna midomo ya kufuatisha. Kisa kimeshaisha. Jibu lililopatikana ni kiuno. Madansa huchukua nafasi ya mwimbaji, kamera hushuka kutoka usoni hadi nyonga, sare hubadilishwa. Wanaolalamika kwamba video za Kikamba zimejaa wanenguaji wana haki ya kulalamika, lakini wakumbuke kwamba wimbo wenyewe uliacha nafasi hiyo wazi. Tena Wakamba ni watu wa ngoma ya mwili tangu zamani: mirukio na sarakasi zao zimetumbuiza wageni pale Bomas of Kenya kwa miongo mingi.

Nusu hiyo hiyo ndiyo ya kutaja majina. Katikati ya magitaa mwimbaji huwasalimu marafiki, wafanyabiashara, wenye matatu, walimu, na watu wa Tala, Kangundo na Nairobi waliomsaidia. Hapo ndipo swali la nani kalipa linapojibiwa kwa sauti. Mwanabenga hana kampuni ya rekodi inayomgharamia. Hulipa kwa mfuko wake, kwa pesa za shoo, na kwa mikono ya watu wanaotaka jina lao lisikike. Aliyetajwa akiweza kufika siku ya kupiga picha, atatokea kwenye video pia, ameketi kwa heshima, meza imejaa vinywaji, gari lake likiwa nyuma. Mgeni atauliza huyu mzee anafanya nini hapa. Mwenyeji anajua: huyu ndiye aliyelipa.

Kuna ishara nyingine ninayoipenda kuliko zote: gitaa la umeme katikati ya shamba, bila waya wala spika. Mpiga gitaa amesimama kwenye nyasi, vidole vinakimbia, na chombo chake hakijaunganishwa na kitu chochote. Hakuna anayecheka. Gitaa hilo liko pale kama nembo, linalosema kwamba hii ni bendi ya kweli, haikutengenezwa na kompyuta. Katika muziki unaouzwa kwa ustadi wa magitaa, kulionyesha ni lazima hata kama halilii.

Diski, matatu, simu

Mahali pa kutazamia napo pameacha alama, na alama hizo zinaweza kusomwa kama matabaka ya udongo.

Tabaka la kwanza ni la diski. Katika miaka ya 2000, VCD na baadaye DVD ziliuzwa sokoni na kwenye stendi kama vile kaseti zilivyouzwa kabla yake. Mnunuzi hakununua video moja. Alinunua albamu nzima, nyimbo sita au nane. Kwa hiyo msanii alilazimika kupiga picha za nyimbo zote kwa siku mbili tatu, mahali pamoja, na madansa walewale. Ule mtindo wa kubadilisha sare kila baada ya ubeti ulitoka hapo: nguo ndiyo iliyokuwa rahisi kubadilisha.

Tabaka la pili ni la matatu na baa. Skrini ndani ya gari iko mbali na abiria, mwanga wa jua unaingia dirishani, na sauti ya spika inazidi kila kitu. Video ya kutazamwa humo hutaka rangi kali, nyuso zilizojaa fremu, na mwendo usiohitaji kufuatiliwa tangu mwanzo, maana abiria hupanda Joska na kushuka Tala. Kisa chenye fumbo hakifai. Anayeshuka njiani hatakijua kamwe.

Tabaka la tatu ni la simu. YouTube ilianza mwaka 2005, lakini kwa watu wa vijijini ilifika kweli pale simu janja na bando zilipokuwa nafuu. Mambo matatu yakabadilika kwa pamoja. Mtazamaji akawa peke yake na kioo kidogo, kwa hiyo picha ikakaribia uso. Sekunde za kwanza zikawa na thamani kubwa, kwa kuwa kidole chake kiko tayari kusogeza. Ndipo zikaingia zile picha za droni zinazoelea juu ya vilima kabla ya wimbo, na vichekesho vifupi vya mwanzo. Na mtazamaji hakuwa tena wa Kangundo tu: Mkamba aliyeko Mombasa, Doha au Dallas huitazama video hiyo akiwa na kiu ya nyumbani. Mlima Kilimambogo, Maporomoko ya Fourteen Falls ya Mto Athi na barabara nyekundu ya vumbi vikapata thamani mpya. Jirani anaona mandhari ya kila siku, ila aliye mbali anaona kwao.

TikTok imeongeza tabaka la nne, la picha iliyosimama wima. Video kamili inaanza kuwa ghala la vipande, na densi hubuniwa ikijulikana kwamba itakatwa na kuigwa na wanafunzi wa shule. Benga yenye dakika nane imejikuta na bahati isiyotarajiwa, kwani ile sehemu yake ya pili inakatika vizuri.

Vifaa navyo vilishuka bei kwa wakati uleule. Kamera ya Canon 5D Mark II, iliyotoka mwaka 2008, iliwawezesha wapiga picha wa harusi kupata picha laini yenye mandharinyuma yaliyofifia, jambo lililokuwa la filamu za gharama. Kwa hiyo si ajabu video nyingi za mashinani zinafanana na harusi: mkono ni uleule, kamera ni ileile, na Jumamosi aliyeshika kamera hiyo alikuwa akimpiga picha bibi harusi.

Kwaya inayotaka kila uso uonekane

Kanuni yangu ya mlipaji na mtazamaji ikijaribiwa kwenye nyimbo za injili, inashika. Kwaya ya kanisa hulipia video yake kwa harambee: kila mwanakwaya ametoa, wazazi wametoa, mchungaji ametoa. Matokeo yake ni mtindo unaojulikana Afrika Mashariki yote tangu VCD za kwaya za Tanzania kama AIC Chang’ombe ya Dar es Salaam zilipovuka mpaka: safu mbili au tatu kwenye bustani, sare zinazolingana, hatua mbili kulia na mbili kushoto, na kamera inayopita polepole mbele ya nyuso moja baada ya nyingine. Mhariri wa mjini angekata safari hiyo ya kamera kwa sababu inachosha. Hawezi. Kila uso aliouruka ni mtu aliyechangia, na mama yake atauliza.

Kisa nacho kina mahali pake katika injili, kwa kuwa mahubiri hupenda mfano: mlevi anaanguka, mke analia, jirani anakuja na Biblia, nyumba inapata amani. Ni mchezo wa kanisani ulioingia kwenye kamera pamoja na mavazi yake.

Gari la kuazima

Upande wa pili wa mizani kuna mtindo wa utajiri. Bongo Fleva ilipotaka kuingia vituo vya bara zima, ililazimika kuvaa kama wenyeji wa vituo hivyo. Diamond Platnumz alikwenda kwa mwongozaji wa Afrika Kusini, Godfather, kwa ajili ya “Nana” ya mwaka 2015. Majumba, magari, mabwawa ya kuogelea na wanamitindo vikawa lugha ya kusema “tumefika”. Kwa msanii mwenye lebo na wadhamini lugha hiyo ina mantiki: mdhamini anataka chupa yake ishikwe huku nembo yake ikiitazama kamera.

Ikifika Kangundo lugha hiyo huanza kugugumiza. Gari ni la kukodi kwa saa, nyumba ni ya mtu, na msanii anaimba juu ya shida za mapenzi ya mtu asiye na kitu huku ameegemea boneti asiyoimiliki. Maneno na picha vinapingana, na mtazamaji wa kwao, anayemjua nyumbani kwao, ndiye wa kwanza kugundua. Vijana wa Nairobi walionyesha njia nyingine mwaka 2018, kundi la Ethic la mtaa wa Umoja lilipotoa “Lamba Lolo”: kundi la marafiki, mtaa wao, kelele zao, bila gari la kuazima. Waliolipa ni vijana, waliotazama ni vijana, na video ilisema hivyo bila aibu. Gengetone ilizaliwa na mtindo huo.

Hapa inafaa nikubali udhaifu wa hoja yangu. Just A Band walipotoa “Ha-He” mwaka 2010, hawakuwa na pesa za kutisha wala kituo kikubwa nyuma yao. Walimleta kwenye skrini Makmende, shujaa wa mateke wa sinema za zamani mwenye nywele za miaka ya 1970, na Wakenya wakamfanya mzaha wa taifa kwenye mtandao. Mlipaji na mahali pa kutazamia haviwezi kueleza wazo hilo lilitoka wapi. Pesa huweka uzio wa shamba. Haisemi kipandwe nini.

Kiuno mbele ya bodi

Kuna mtazamaji mmoja ambaye hakualikwa lakini huhesabiwa: serikali. Nchini Kenya, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222, inaipa Bodi ya Uainishaji wa Filamu (KFCB) mamlaka juu ya kazi za picha. Mwaka 2014 vituo kadhaa vya televisheni vilikataa kuonyesha “Nishike” ya Sauti Sol kwa sababu ya miili iliyokuwa wazi. Mwaka 2019 mkuu wa KFCB wa wakati huo, Ezekiel Mutua, alitaka nyimbo za “Wamlambez” na “Tetema” zibaki klabuni. Nchini Tanzania nako, Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) lilifungia “Mwanza” ya Rayvanny na Diamond mnamo Novemba 2018.

Athari za makatazo hayo juu ya mtindo ni ndogo kuliko kelele zake. Video iliyofukuzwa kwenye televisheni ilikuwa imeshahamia kwenye simu, na katazo likawa tangazo. Swali zito ni lingine: dansa anayebeba nusu ya video ya dakika nane, amelipwa kiasi gani, na jina lake limeandikwa wapi? Hilo hakuna bodi iliyoliuliza.

Anayekosekana kwenye fremu

Nimezitetea video za mashinani dhidi ya wanaozidharau, na ninasimama hapo. Nambari ya Skiza, mzee aliyeketi kando ya gari lake, safu ya kwaya isiyokatwa, vyote vina sababu, na sababu hizo ni za haki kuliko jumba la kukodi. Lakini kuelewa sababu hakulazimishi kusifu kila kitu. Droni inayopaa juu ya kilima kwa kuwa droni ipo ni uvivu. Madansa watatu wanaopachikwa katika wimbo wa maombolezo ni uvivu pia.

Kosa kubwa zaidi ni moja, na ni la kushangaza katika muziki huu. Ile nusu ya pili ni ya magitaa. Watu wa Kangundo huisubiri, huinuka vitini kwa ajili yake. Gitaa la solo linapanda, la ridhimu linalikimbiza, besi inazunguka chini yao, na kamera iko kiunoni mwa dansa. Anayecheza besi haonekani. Jina lake halijaandikwa, ingawa limeandikwa la meneja, la mpiga picha, na la mwenye gari.

Enyi vijana mnaoshika kamera kuanzia Tala hadi Kangundo: mna nusu nzima ya wimbo ambayo mwongozaji wa Lagos hana. Msiijaze yote kwa mkopo. Sogezeni kamera karibu na vidole, mkae hapo dakika moja kamili bila kukata. Kisha andikeni jina la mwenye vidole hivyo pale chini, kando ya nambari ya Skiza.